Pua Ichague, Ulimi Uamue

Juni 4, 2015, majaji wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mjini Luxembourg walitoa uamuzi kuhusu pakiti ya chai. Ilikuwa chai ya matunda ya kampuni ya Kijerumani ya Teekanne, iliyouzwa kwa jina la Himbeer-Vanille-Abenteuer. Juu ya pakiti palikuwa na picha za rasiberi zilizoiva na maua ya vanila, pamoja na muhuri uliotamka kwamba ndani mna viambato vya asili pekee. Shirika la kutetea walaji la Ujerumani lilikwenda mahakamani kwa hoja rahisi: ndani ya pakiti ile hapakuwa na rasiberi, wala vanila.

Kampuni ilijitetea kwamba haikuficha kitu, kwa kuwa orodha ya viambato ilichapishwa palepale kwenye pakiti, tena sahihi. Majaji hawakuridhika. Walisema orodha inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isitoshe kufuta picha ambayo pakiti imeshaijenga kichwani mwa mnunuzi. Desemba ya mwaka huohuo mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani, iliyoko Karlsruhe, ikahitimisha kwamba pakiti hiyo ilipotosha.

Orodha ile inastahili kusomwa polepole, maana ndiyo inayoeleza karibu kila chai ya matunda iliyoko kwenye rafu za maduka makubwa, kuanzia Berlin hadi Nairobi na Dar es Salaam. Kiambato cha kwanza kilikuwa rozela. Ikafuata tufaha, kisha majani matamu ya blackberry, maganda ya machungwa na matunda ya waridi-mwitu. Ndipo ikaja ladha ya asili yenye uonjo wa vanila, maganda ya limau, na ladha ya asili yenye uonjo wa rasiberi. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia. Kwa hiyo mnywaji aliyedhani anakunywa rasiberi alikuwa anakunywa rozela na tufaha vilivyotiwa harufu. Na maneno "ladha ya asili" hayana maana kwamba harufu hiyo ilitoka kwenye rasiberi. Yanamaanisha tu kwamba imetokana na kitu fulani cha asili.

Viwanda vina sababu ya kufanya hivyo. Tunda kavu likimwagiwa maji ya moto hutoa kidogo sana. Kipande cha embe au nanasi kilichokaushwa hulainika na kuacha utamu hafifu, lakini ile harufu inayomfanya mtu afumbe macho anapomenya embe bivu hupotea kwa sehemu kubwa wakati wa kukausha. Rozela ndiyo inayookoa jahazi. Ina rangi kali, ina uchachu wa kutosha, na haigharimu sana. Tufaha huongeza utamu kidogo, chupa ya harufu humalizia kazi, na mchoraji hupewa jukumu la kuweka tunda kwenye pakiti.

Hakuna ubaya wowote katika kunywa rozela. Ubaya ni kulipia bei ya rasiberi kutoka Ulaya kwa ajili ya mmea unaostawi Dodoma.

Rozela, ambayo wengine huiita choya, ni ndugu wa bamia na wa yale maua mekundu ya uani. Hustahimili ukame, na ndiyo maana mikoa ya kati ya Tanzania imeizoea; Dodoma hutengenezwa juisi yake na hata mvinyo wake. Sudan na Misri wanaiita karkadeh na kuinywa moto au baridi. Senegali wanaiita bissap, Nigeria zobo, na Jamaika huichemsha na tangawizi ikawa kinywaji cha Krismasi. Ni kinywaji cha nusu ya dunia, na Afrika ndiyo iliyokipeleka huko.

Watu wengi hudhani wanakunywa petali. Ua la rozela huishi siku moja tu kisha hudondoka. Kinachobaki ni zile sepali zilizokuwa zimelishika ua. Hizo hunenepa, hujaa maji, huwa nyekundu na kulizingira tunda lenye mbegu. Mvunaji hulisukuma tunda litoke kwa kibomba chembamba cha chuma, na kile kikombe chekundu kinachobaki ndicho kinachoanikwa. Takriban kilo 10 mbichi hutoa kilo 1 kavu.

Sasa chukua kikombe kimoja kikavu ukiweke kiganjani. Kizuri huwa kizima au kimepasuka vipande viwili vikubwa, chenye rangi ya damu ya mzee inayokaribia zambarau, na hupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Kikiwa cha kahawia, kimekaa sana au kilianikwa juani kupita kiasi. Kikiwa unga-unga, kimebebwa kwenye magunia na kukanyagwa. Kikigandamana na vingine na kutoa harufu ya uvundo, kilifungwa kabla hakijakauka, na hicho kisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Kitafune. Uchachu unatakiwa ufike haraka, uwe safi kama wa ukwaju mchanga, na uache mate mdomoni. Mchanga ukikwaruza meno, umejua kilianikwa wapi.

Hilo la mwisho ndilo swali muhimu kuliko yote sokoni, na halihitaji utaalamu. "Kaka, hii rozela imeanikwa juu ya nini?" Muuzaji anayemfahamu mkulima wake atajibu bila kusita: kichanja, mkeka, turubai. Asiyejua atasema, "Dada, wewe chukua tu, ni nzuri." Rozela iliyokaushwa kwenye kichanja kilichoinuliwa hupitiwa na hewa juu na chini, hukauka upesi na rangi yake haififii. Iliyomwagwa kwenye udongo huokota vumbi, kinyesi cha kuku na mawe madogo, na mteja hulipia uzito wa vyote hivyo.

Kwa kikombe kimoja cha kunywea, vikombe vidogo vinne au vitano vya rozela vinatosha. Mimina maji yanayochemka, funika, subiri dakika tano au zaidi. Ni vyema kutumia birika la udongo, kioo, enameli au chuma cha pua, kwa sababu asidi ya rozela hula alumini, na sufuria za alumini ndizo zilizojaa jikoni mwetu. Rangi yake nayo ni ya kutazamwa na watoto. Ukidondoshea limau, wekundu huzidi kung'aa. Ukitia chembe ya bikaboneti ya soda kwenye kikombe kingine, wekundu hugeuka zambarau, kisha huelekea bluu iliyochafuka. Viini vya rangi hiyo, anthosianini, hubadilika kulingana na asidi iliyomo.

Kuna jambo moja ambalo mnunuzi anapaswa kuliweka wazi mapema. Chai yenyewe, ile ya Kericho, Mufindi na Nandi, hutokana na mmea mmoja, Camellia sinensis, na ina kafeini. Rozela, mchaichai, mnanaa, tangawizi na kamomili si mmea huo, na havina kafeini. Ndiyo maana vinafaa usiku na vinafaa kwa asiyelala akinywa chai ya rangi. Lakini pakiti nyingi huchanganya. Pakiti iliyoandikwa "limau na tangawizi" yaweza kuwa chai nyeusi iliyotiwa harufu ya limau na vumbi la tangawizi. Jibu liko kwenye orodha: likitangulia neno "chai nyeusi" au "chai ya kijani", kafeini imo. Mmea uitwao mate wa Amerika Kusini nao una kafeini yake, ingawa huuzwa kwenye rafu ileile ya mimea.

Ustadi wa kuonja, kwa bahati nzuri, uko nyumbani. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, na kwa miaka yote hiyo kazi ya waonjaji imekuwa ileile. Vikombe vyeupe hupangwa mstari mrefu mezani, kila kimoja na sampuli yake. Mwonjaji huanza na jani kavu, akalishika na kulinusa. Kisha huangalia jani lililolowa baada ya maji kumiminwa. Mwisho huchota maji yake kwa kijiko na kuyavuta mdomoni kwa mlio ambao mama yeyote angemkanya mtoto mezani. Mlio huo una kazi. Hewa huyatawanya maji kote mdomoni na kuipandisha harufu nyuma ya kaakaa hadi puani, na huko ndiko sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha inakotambuliwa. Ulimi peke yake unajua utamu, uchachu, uchungu, chumvi na ule utamu-nyama wa mchuzi. Limau, waridi, nyasi, moshi, yote hayo ni kazi ya pua. Baada ya hapo hutema na kwenda kikombe kinachofuata.

Kipimo cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103 kilichotolewa kwanza mwaka 1980, kinasema gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji, dakika 6, katika chombo cheupe cha kauri. Kiliwekwa kwa ajili ya chai halisi, na kikombe cha namna hiyo ni kikali kuliko cha kunywa. Lakini siri yake inafaa kwa kila mmea: kipimo kimoja, maji mamoja, muda mmoja. Hapo tofauti inayoonekana ni ya mmea wenyewe, haikutokana na mkono wa mpishi. Nyumbani vinatosha vikombe vitatu vyeupe na saa ya simu. Nunua mchaichai kutoka kwa wauzaji watatu, kiasi kidogo kidogo, viandae pamoja, uonje kwa zamu. Anayeonja kimoja leo na kingine wiki ijayo hatakumbuka chochote cha maana.

Sukari ikae mbali mpaka kazi iishe. Hili ni gumu kwa watu wa pwani na bara pia, maana chai yetu tumeilea na sukari tangu utotoni. Lakini sukari husamehe kila kitu. Huficha mnanaa uliopoteza harufu, huficha uchungu wa maganda yaliyochemshwa kupita kiasi, na huficha ukungu. Onja kavu kwanza, chagua, kisha tia sukari au asali kadiri roho inavyotaka.

Majani ndiyo yanayodanganya upesi. Harufu ya mchaichai hutokana zaidi na mafuta mepesi yanayoitwa sitrali, na mafuta hayo hayana subira: joto, mwanga na hewa huyaondoa. Mchaichai mbichi, ule mkono uliong'olewa asubuhi, hauna mshindani. Sehemu ya chini, ile nyeupe na nene, ndiyo yenye nguvu. Ipondwe kwa mchi mara mbili tatu kabla ya kutiwa majini, na majani ya juu yafungwe fundo ili yasitawanyike birikani. Mkavu nao unafaa ukiwa bado na ukijani. Usugue kati ya viganja na kunusa. Ukinukia limau, lipa. Ukinukia malisho ya ng'ombe, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Uganda wanautumia vilevile, wakiuita kisubi, na wana mmea mwingine ambao ungestahili kujulikana zaidi kwenye vikombe vya Tanzania na Kenya. Ni mujaaja, jamii ya mrehani, ambao majani yake hutiwa ndani ya chai ya asubuhi. Ndugu yake wa karibu ni kivumbasi, yule yule anayeota kandokando ya nyumba na kusifiwa kwa kufukuza mbu. Harufu yake inakaribia karafuu. Jani moja au mawili kwenye birika zima yanatosha. Yakizidi, chai hunuka dawa.

Kosa linalofanyika sana na majani na maua ni kuyachemsha kama maharage. Mvuke ule unaojaza jikoni harufu nzuri ndiyo ladha yenyewe inayoondoka. Majani na maua humiminiwa maji yaliyochemka, birika likafunikwa, na matone yaliyoganda chini ya mfuniko yakarudishwa ndani. Mizizi, magome na mbegu ngumu ndiyo inayohitaji moto na muda.

Na hapo ndipo Afrika Mashariki inapokuwa tajiri kuliko rafu yoyote ya Ulaya. Tangawizi ya milima ya Upare wilayani Same, iliki ya Usambara Mashariki, mdalasini wa Uluguru na wa Unguja, karafuu za Pemba: mtu anaweza kuviona vyote vizima, si unga, katika asubuhi moja ya kuzunguka Kariakoo, Darajani au Marikiti ya Mombasa. Uzima wake ndio dhamana. Kikishasagwa, muuzaji anaweza kukichanganya na chochote, na hata asipochanganya, harufu imeshaanza kuondoka.

Tangawizi mbichi na kavu zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Ukali wa mbichi hutoka kwenye jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kwa hiyo kavu huchoma koo, mbichi huchangamsha na kuleta harufu inayofanana na ya ndimu. Ikichemshwa muda mrefu, ukali hupoa na utamu fulani hujitokeza. Anayetaka ukali wa dakika ya kwanza akate nyembamba na kumiminia maji. Anayetaka kinywaji cha kutuliza aiache motoni robo saa. Kipande kizuri ni kizito mkononi, ganda limekaza, na kikivunjwa hutoa sauti.

Karafuu ina mtihani wake wa zamani. Zitupie chache kwenye glasi ya maji. Zenye mafuta yake huzama au husimama wima, kichwa juu. Zile zilizokamuliwa mafuta kabla ya kuuzwa huelea zimelala. Ukiiminya karafuu njema kwa ukucha, unyevu wa mafuta huonekana. Iliki inunuliwe ikiwa ganda lake la kijani limefungwa; likipasuliwa, mbegu ziwe nyeusi, zinanata kidogo.

Mdalasini unahitaji maneno zaidi kwa sababu hapa suala linahusu afya pia. Uko wa aina mbili kubwa sokoni. Mmoja ni ule wa Sri Lanka, ambao ndiyo aina iliyopandwa Zanzibar. Mwingine ni kasia, unaotoka China, Vietnam na Indonesia. Kasia ina kumarini kwa wingi, kemikali inayoweza kudhuru ini kwa watu wepesi kuathirika ikitumiwa kila siku kwa kiasi kikubwa, na taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula imekuwa ikiitahadharisha tangu mwaka 2006. Mdalasini wa kweli unayo kidogo mno. Fimbo ya Sri Lanka ina tabaka nyingi nyembamba zilizosokotwa ndani kwa ndani na huvunjika kwa vidole. Ya kasia ni ganda moja nene, gumu. Lakini maganda ya Zanzibar mara nyingi huuzwa bila kukwanguliwa, hivyo unene peke yake hauamui. Yatafune: wa kweli ni mpole, mtamu, una harufu inayokaribia karafuu na maua, kasia hukata ulimi, huacha uchungu na utelezi.

Hakuna mmea wa chai ulioonyesha thamani ya kujua mahali kilikotoka kitu kuliko rooibos. Unaota katika milima ya Cederberg, kaskazini mwa Cape Town, na majaribio ya kuuhamishia kwingine hayajauondoa huko. Vitawi vyake vyembamba kama sindano hukatwakatwa, hupondwa, hulowanishwa na kulundikwa hadi vigeuke vyekundu, kisha huanikwa juani. Hauna kafeini, na tanini zake ni chache, kwa hiyo ukisahauliwa jikoni nusu saa hauwi mchungu. Wakhoi na Wasan ndio waliokuwa wa kwanza kuutumia. Mwaka 2019 ulifikiwa mkataba wa kuwapa jamii hizo asilimia 1.5 ya bei ya shambani, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukalisajili jina rooibos kuwa jina la asili linalolindwa, chakula cha kwanza kutoka Afrika kupata ulinzi wa aina hiyo. Sasa mfanyabiashara wa Hamburg hawezi kuandika rooibos juu ya majani yaliyotoka kwingine.

Ukiuonja, tafuta asali, mbao kavu, na utamu usiotokana na sukari. Ukionja vumbi tu, umepata masalio ya ungo.

Mimea ni mimea, na maneno "ya asili" hayaifanyi kuwa salama. Mwaka 2013 taasisi ileile ya Ujerumani ilichapisha matokeo ya sampuli 221 za chai na mimea mikavu, na katika nyingi zikakutwa sumu za magugu, alkaloidi za pirolizidini, zinazodhuru ini. Hazikutoka kwenye kamomili wala mnanaa. Zilitoka kwenye magugu yaliyovunwa pamoja navyo kwa mashine. Tangu Julai 2022 Ulaya imeweka viwango vya mwisho. Kati ya mwaka 2002 na 2003 watoto wachanga 42 nchini Ujerumani waliugua salmonela kwa sababu ya chai yenye mbegu za anisi zilizochafuliwa. Tangu hapo ushauri umekuwa mmoja: chai ya mimea na matunda imiminiwe maji yanayotokota kwelikweli, na ikae dakika tano au zaidi. Maji vuguvugu kutoka kwenye mtungi wa ofisini hayafai.

Rozela yenyewe ina nguvu mwilini. Utafiti wa Diane McKay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu wazima 65 wenye shinikizo la damu la juu kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, kipimo chao cha juu cha shinikizo kilishuka kwa wastani wa 7.2, na wale waliopewa kinywaji cha kuigiza kilishuka kwa 1.3. Ni habari njema, na ni sababu ya kumweleza daktari iwapo mtu tayari anameza dawa za presha, kwa kuwa viwili hivyo vinaweza kushusha pamoja. Kinyume chake ni urukususu, mzizi mtamu unaotiwa kwenye michanganyiko mingi "isiyo na sukari". Ukinywewa kwa wingi kila siku hupandisha presha na kupunguza potasiamu. Mwenye presha alitafute jina hilo kwenye orodha kabla ya kulipia. Na pakanga isiingie kwenye birika kama tiba ya malaria. Dawa mseto za malaria hutengenezwa kwa kiini kilichotolewa kwenye mmea huo kwa kipimo maalumu, na Shirika la Afya Duniani limekataa matumizi ya chai yake kwa kuwa kiini hicho hubadilika kutoka kikombe hadi kikombe na hakitoshi kuua vimelea.

Anayetaka chai ya matunda yenye tunda kweli anaweza kuitengeneza. Msingi uwe rozela, sehemu mbili. Maganda ya chungwa yaliyooshwa, yakakwanguliwa weupe wake na kuanikwa kivulini, sehemu moja. Mafuta yenye harufu yako kwenye ganda, ndiyo maana maganda hushinda nyama ya tunda. Mchaichai mkavu sehemu moja. Kipande cha mdalasini, punje mbili za iliki zilizopasuliwa. Mchanganyiko huu una uchachu, una harufu ya juu inayokuja kwanza na ile nzito inayobaki kooni. Ukiona rozela inatawala, ongeza ganda la chungwa kabla ya kukimbilia sukari. Nusu ya kikombe ikipoa, ionje tena: ladha nyingi hujificha kwenye moto na kujitokeza kinywaji kinapokuwa vuguvugu.

Uhifadhi uwe kwenye kopo la bati au chupa ya rangi, mahali pakavu, mbali na jiko, na mbali na sabuni na dagaa, kwa maana majani makavu hunyonya kila harufu. Yale makopo ya kioo yanayopangwa dirishani yanapendeza macho, lakini jua huiunguza rozela hadi ikawa ya kahawia ndani ya miezi michache. Ni afadhali kununua gramu 50 mara kwa mara kuliko kilo moja ya mwaka mzima.

Linalobaki liko mikononi mwa wafungashaji wa hapa kwetu, ambao wameongezeka na wengi wao wanafanya kazi nzuri. Pakiti zao zimejaa picha za majani mabichi na ahadi za kupunguza uzito, kusafisha damu, kuondoa sumu. Ahadi hizo hazimsaidii mnunuzi kuchagua. Angeweza kuchagua kama pakiti ingemweleza rozela hii ni ya Dodoma au Singida, ilivunwa lini, ilianikwa juu ya nini. Mkulima aliyejenga kichanja kwa fedha yake leo hulipwa sawa na jirani yake aliyeanika barabarani, kwa sababu magunia ya wote wawili humwagwa kwenye rundo moja. Jina la wilaya na mwezi wa mavuno vinaenea kwenye mstari mmoja wa lebo, na wino wake haugharimu zaidi ya ule wa kuchapa rasiberi.